Afande hakuwa mlevi

Mjomba wangu hajawahi kuonja pombe. Naanza na hilo kwa sababu kati ya 2021 na 2023 karibu kila aliyemwona, wakiwamo waliovaa koti jeupe, alianza kwa kumuuliza anakunywa nini. Ni Mwislamu wa kabila la Aringa, sajini mstaafu, mtu ambaye hadi leo hukunja shuka lake kana kwamba afisa atapita kukagua. Nitamwita Afande, maana ndivyo mtaa wetu wa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, unavyomwita. Mimi ni mtoto wa dada yake, na ni nesi. Hilo la unesi linanipa aibu ya ziada: nilikuwa nakula kwake kila Ijumaa baada ya swala, na nilikaa karibu mwaka mzima bila kuona kitu.

Nasimulia kwa idhini yake na ya mkewe. Hospitali na zahanati zilizotupotezea muda sizitaji, kwani sikuja kushtaki mtu. Nataka kuonyesha mahali hasa tulipopotea tukitafuta jina la ugonjwa wake wa ubongo, kwa sababu naona familia nyingine zikijikwaa kwenye kisiki kilekile.

Kofia na glasi ya chai

Kilichoanza kilikuwa kidogo mno. Bega la kulia linaruka, mkono unapanda hadi kichwani, kofia inawekwa sawa. Baada ya muda kofia inawekwa sawa tena. Sote tulidhani ni mazoea ya kijeshi. Baadaye sana ndipo daktari alipotueleza kwamba wenye ugonjwa huu hujifunza, bila kujua, kuuvika mruko wa mwili nguo ya kitendo cha kawaida. Mkono ukiruka wenyewe, mtu anaumalizia kwa kujikuna, kupangusa uso, kurekebisha kofia. Afande alikuwa akificha ugonjwa ambao yeye mwenyewe hakujua kuwa anao.

Kisha chai. Hajati, mkewe, ni Mnubi wa Bombo na kwake chai hujazwa hadi ukingoni. Glasi isiyojaa ni dalili kwamba mgeni hatakiwi. Kufikia mwisho wa 2021 akawa anamjazia mumewe nusu. Hakusema kitu, wala yeye Afande hakuuliza.

Tabia ikafuata. Aliuza plau ya ng'ombe bila kumwambia mtu, akagombana na imamu juu ya kipaza sauti, na mtu aliyekuwa akipanga shughuli za ukoo mzima kwa daftari akawa hawezi kupanga safari ya sokoni. Alikuwa askari wa usiku kwenye ghala moja. Msimamizi alimwita, akamwambia apumue karibu na uso wake, akanusa, hakupata harufu yoyote, akamfukuza hata hivyo.

Alikuwa na miaka 46.

Majini ya ukoo

Majina ya ugonjwa tuliyopewa mwaka wa kwanza: malaria, kisha taifodi. (Kwetu taifodi ni jina la homa yoyote ambayo malaria imeikataa. Afande hakuwa hata na homa.) Kisha presha, kisha "mawazo ya kustaafu". Alipimwa virusi vya UKIMWI mara tatu katika vituo vitatu, mara zote hana. Kila kituo kilimfungulia daftari jipya la mazoezi la shule, maana hapa daftari ndilo faili la mgonjwa, na la zamani lilibaki nyumbani juu ya kabati.

Hajati alimpeleka pia kwa sheikh asomewe. Najua wasomaji wengine watakunja uso. Nami nilikunja. Lakini katika miezi yote ile, sheikh ndiye mtu wa kwanza kuuliza, "Baba yake alikufa vipi?"

Aliuliza kwa sababu zake. Alitaka kujua kama ni majini ya kurithi, na alijibiwa kwamba ndiyo. Babu yangu, naye askari, alikimbilia Sudan na familia baada ya serikali ya Amin kuanguka 1979, kama watu wengi wa mkoa wetu wa West Nile waliomiminika Sudan na Zaire wakati ule. Alifia huko ukimbizini. Wazee wanasema miaka yake ya mwisho "alikuwa akicheza hata akiwa kwenye mkeka wa swala". Dada mkubwa wa Afande, Mama Mkubwa wangu, aliolewa Bombo na akafa 2012, amekonda kama fito, akiitwa kichaa na watoto wa jirani. Familia ilishaona kwamba kitu hiki kinatembea kwenye damu. Iliona kabla ya daktari yeyote. Ila ilikuwa imekipa jina ambalo, mtu akilitaja hospitalini, daktari anatabasamu na kugeukia karatasi nyingine.

Kosa kubwa zaidi katika kisa hiki kizima naliona hapo, na nalitenda hata mimi. Niliposikia neno majini niliacha kusikiliza, na ndani ya neno hilo kulikuwa na vizazi viwili vya historia ya ugonjwa. Ukimbizi ulikuwa umekwisha kula kila karatasi: hakuna cheti cha kifo cha Babu, hakuna faili, hata kaburi ni kwa kukisia. Kilichobaki kilikuwa hadithi za shangazi.

Bingwa ambaye hakuwa wake

Mwaka 2022 ukoo ulichanga, tukapanda basi la usiku kwenda Kampala. Ni takribani kilomita 500. Unavuka Nile Pakwach, unaivuka tena Karuma, na alfajiri unashuka ukiwa na magoti ya mtu mwingine. Tulikuwa tumetafuta "bingwa wa ubongo", tukampata, tukalipa. Alikuwa mtu mwema na mweledi, lakini alikuwa daktari wa upasuaji.

Kosa hili ni la kawaida Uganda na nadhani najua chimbuko lake. Nchi ina sifa kubwa katika upasuaji wa ubongo wa watoto. Hospitali ya CURE ya Mbale inajulikana duniani kwa matibabu ya vichwa maji. Kwa hiyo mtu wa kawaida akisikia ubongo, anawaza kisu. Lakini daktari wa upasuaji wa ubongo na daktari wa neva ni watu wawili. Wa kwanza huondoa uvimbe, hutoa maji na damu iliyovuja, hurekebisha uti wa mgongo. Wa pili hana kisu. Kazi yake ni kifafa, kiharusi, Parkinson, mitetemeko, ganzi, na magonjwa ya kurithi ya namna ya Afande. Hawa wa pili ndio wachache mno nchini, na karibu wote wako Kampala. Anayetaka kuhakikisha kabla ya kulipa nauli, Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Uganda huweka rejista ya madaktari. Inafaa kuuliza huyu amesajiliwa kuwa bingwa wa nini. Swali hilo moja lingetuokolea pesa ya ng'ombe wawili.

Alipigwa picha ya ubongo, ile ya mashine ya MRI. Majibu yakasema ubongo umesinyaa kidogo, hakuna uvimbe, hakuna cha kupasua. Kwa daktari wa upasuaji hizo ni habari njema, na alituaga kwa furaha. Hakuna aliyeuliza kwa nini ubongo wa mtu wa miaka 47 usinyae, na usinyae sehemu gani.

Tuliporudi, zahanati moja ilimwanzishia dawa iitwayo benzheksoli, kwa hoja kwamba anatetemeka na watu wenye Parkinson hupewa hiyo. Mtu mwenye miruko ya aina hii inaweza kumzidisha, na ndivyo ilivyokuwa. Kwa wiki tatu hakulala, alikuwa akiwaamuru watoto wajipange kwa gwaride usiku wa manane. Hajati aliitupa chooni bila kumuuliza mtu, na ni moja ya maamuzi bora ya kitabibu katika kisa hiki.

Toa ulimi

Aliyefungua njia hakuwa bingwa. Alikuwa afisa tabibu wa magonjwa ya akili, wale wanaofundishwa Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, na kutawanywa wilayani, ambao mara nyingi hukaa chumba cha mwisho kwenye korido. Tulimpelekea Afande kwa ajili ya hasira. Alimwangalia akitoka mlangoni hadi kwenye kiti, akaacha kuandika.

"Afande, toa ulimi nje, usiurudishe mpaka nihesabu kumi."

Ulimi ulitoka, ukarudi kwenye tatu. Ulitoka, ukarudi kwenye mbili. Afande akacheka, akidhani amekosea amri. Yule bwana akampa vidole viwili, akamwambia avishike kwa nguvu moja bila kulegeza. Mimi niliona mkono umeshika tu. Akanivuta, akaniwekea vidole vyangu mahali pa vyake. Mshiko ulikuwa unakaza, unalegea, unakaza, kama mtu anayekamua ng'ombe. Nimekuwa nesi miaka minane na sikuwahi kuhisi kitu cha namna ile kwenye mkono wa mtu.

Kisha akauliza swali la sheikh. Baba yake? Ndugu zake? Safari hii nilijibu yote, pamoja na ile habari ya mkeka wa swala.

Akaniambia miruko hii inaitwa korea, ambalo halina uhusiano na nchi. Ni neno la Kigiriki la kucheza ngoma. Sababu zake ni nyingi na baadhi zinatibika, lakini ikiwa katika ukoo kwa mfululizo, pamoja na mabadiliko ya tabia, cha kwanza kufikiriwa ni ugonjwa wa Huntington. Akakiri kwamba hajawahi kumwona mgonjwa wake, ameusoma tu. Akanipa kazi mbili: nichore ukoo, na nimrekodi Afande kwa simu. "Ukimpigia bingwa ukisema una mgonjwa anayetikisika, atakupa tarehe ya mwaka kesho. Mtumie ukurasa mmoja na video ya dakika mbili."

Ukoo niliuchora kwenye matanga ya bibi mmoja wa upande wa Babu, huko Yumbe, kwa sababu ndipo mahali pekee ambapo shangazi wote hukaa pamoja siku tatu. Nilichukua kalenda ya zamani, nikageuza upande mweupe. Mraba ni mwanamume, duara ni mwanamke, aliyeugua anatiwa wino. Sikuuliza nani aliugua, shangazi wasingejibu. Niliuliza nani alikuwa "akicheza", nani alikonda huku anakula, nani alifukuzwa kazi kwa ulevi naye hanywi. Majina yakaanza kutoka. Kufikia usiku wa pili nilikuwa na vizazi vinne na wino kwenye watu watano, na hakuna kizazi kilichorukwa. Shangazi mmoja asiyejua kusoma aliikodolea macho ile karatasi akasema, "Kumbe lina njia yake."

George Huntington, yule daktari kijana wa Marekani aliyeueleza ugonjwa huu 1872 akiwa na miaka 22, hakuugundua kwa darubini. Baba yake na babu yake walikuwa madaktari palepale Long Island na walikuwa wamezitibu familia zilezile kwa miongo mingi. Yeye aliunganisha kumbukumbu za vizazi. Sisi tulikuwa na kumbukumbu hizo tangu mwanzo, zimekaa kwa shangazi.

Ukurasa wangu ulikuwa na umri, mwaka wa dalili ya kwanza, dawa zote alizopewa na ipi ilimzidisha, vipimo vilivyokwisha kufanywa, picha ya kalenda, na swali moja: je, huyu ana korea ya kurithi, na aonwe na nani? Video ilimwonyesha akitembea, akitoa ulimi, akigonganisha kidole gumba na cha shahada, na akikaa bila kufanya lolote, kwa sababu kukaa bila kufanya lolote ndiko asikoweza. Yule tabibu aliipeleka kwa mwalimu wake wa zamani, mwalimu akaipeleka kwa daktari wa neva. Siku ya tisa simu yangu ililia.

Dakika arobaini bila mashine

Daktari wa neva ana kliniki siku moja kwa wiki. Tulifika saa moja asubuhi, tukaonwa saa nane. Alimpima Afande kwa dakika arobaini na kifaa pekee alichogusa ni nyundo ndogo ya magoti. Aliangalia macho kwa muda mrefu: alimwambia aruke kwa macho kutoka kidole hiki hadi kile bila kugeuza kichwa, na Afande kila mara alipepesa kwanza au kichwa kikatangulia. Alimtembeza kwenye mstari wa sakafu. Alichukua ile MRI ya 2022, akaiinua dirishani, akatuonyesha kwa kalamu sehemu za ndani zilizosinyaa kuliko nyingine, mahali ubongo unapopanga miendo. Picha ilikuwa na jibu siku zote.

Kabla ya kutamka Huntington alisema kuna kazi ya kufanya, na hili ningependa kila familia ilishike. Kwanza huondolewa yale yanayotibika. Kaswende inaweza kuleta korea. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi inaweza. Sukari iliyopanda sana inaweza. Lupasi, ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe, inaweza. Dawa za kuzuia kutapika kama metoklopramidi, zikitumika muda mrefu, zinaweza. Kwa vijana kuna ugonjwa wa Wilson, ambao mwili hushindwa kutoa shaba, nao una dawa, na kuuacha ni kumwua mtu aliyekuwa wa kupona. Vipimo vingi kati ya hivi vinapatikana bila kupanda ndege, na vingine tungeweza kuvifanya Arua mwaka wa kwanza. Afande alikuwa safi katika vyote. Sikufurahi kama nilivyotarajia.

Kipimo cha kinasaba ndicho kilichohitaji kuvuka mipaka. Damu ilisafirishwa hadi maabara ya Afrika Kusini. Lakini kabla ya sindano alitukalisha tena, safari hii akizungumza na Afande, si na sisi. Akamweleza kwamba mtoto wa mtu mwenye ugonjwa huu ana nafasi moja kati ya mbili ya kuurithi, wa kiume au wa kike sawasawa. Akamuuliza kama anataka kujua. Binamu yangu mkubwa akajibu, "Ndiyo, daktari." Daktari akasema, "Sijakuuliza wewe." Afande akanyamaza muda, kofia ikawekwa sawa mara mbili, kisha akasema kwamba askari hapigani na adui asiyejua yuko upande gani.

Majibu yakaja baada ya wiki kadhaa. Ugonjwa wa Huntington hutokea pale ambapo kwenye jeni moja, yaani kipande kimoja cha maelekezo ya kurithi, iliyo kwenye kromosomu ya 4 na iliyopatikana 1993, herufi tatu za CAG zimejirudia kupita kiasi; kuanzia 40 ugonjwa ni wa hakika. Afande, kwenye nakala zake mbili za jeni hiyo, alikuwa na 17 na 20. Kawaida kabisa.

Nyumbani watu walichinja mbuzi. Shangazi wakasema tulipoteza pesa. Mimi nilikaa na ile kalenda, vizazi vinne, wino kwenye watano, na sikuweza kula.

Daktari hakushangaa. Alituambia kwa simu kwamba kuna jeni nyingine. Mwaka 2001 watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, walieleza familia ya Wamarekani weusi yenye ugonjwa unaofanana na Huntington kama mapacha, lakini jeni la Huntington likiwa salama. Ugonjwa uliitwa HDL2, kifupi cha Kiingereza cha "unaofanana na Huntington, namba 2". Kosa liko kwenye jeni JPH3, kromosomu ya 16, na huko nako ni herufi tatu zilizojirudia kupita kiasi. Wagonjwa wanaojulikana wana asili ya Afrika, na Afrika Kusini umeonekana mara kwa mara kwa watu weusi wenye dalili za Huntington. Tafakari hapo: ni ugonjwa wetu, na mtu mweusi anaweza kupimwa ule wa Wazungu, akaambiwa hana, akarudishwa nyumbani na barua ya "kawaida". Kama daktari wetu angekuwa mtu wa kusoma karatasi ya majibu bila kuangalia kalenda, tungeishia kwenye yule mbuzi.

Mwishoni mwa 2024, wakati daraja la Karuma limefungwa kwa matengenezo na safari ya Kampala imekuwa ya kuzunguka, tulipata jibu la pili kwa video, Afande amekaa kwenye kiti chake cha plastiki chini ya mwembe. JPH3: 14 na 46. Nakala moja salama, ya pili imepita kiasi.

Alisikiliza. Akauliza kama jina hili lina dawa. Akaambiwa dawa ya kuuondoa haipo, kwa huu wala kwa Huntington. Dawa ya kupunguza miruko na hasira ipo. Akasema, "Basi nipeni hiyo iliyopo."

Iliyopo

Dawa inayotajwa vitabuni kwa miruko ni tetrabenazini, ambayo sisi hatukuipata. Alipewa haloperidoli kidogo sana ya usiku, dawa rahisi iliyo katika vituo vingi, na fluoksetini kwa ajili ya huzuni na hasira. Daktari alisisitiza dozi ndogo: lengo ni alale na ale, wala si kunyoosha kila mruko, maana ukiizima yote unamfanya mtu gogo. Miruko imepungua labda nusu. Anafuatiliwa Arua na yuleyule afisa tabibu wa akili, na bingwa yuko kwenye simu kila baada ya miezi mitatu. Nauli ya Kampala sasa tunaitumia kwa chakula.

Na chakula ni dawa kuliko tulivyodhani. Mwili unaoruka mchana kutwa unachoma nguvu kama mwili unaolima. Mama Mkubwa alikonda akiwa anakula, na tulidhani analogwa. Afande sasa anakula mara tano: uji uliotiwa karanga, parachichi, enyasa (ugali wetu) na mboga ya ufuta. Anakula amekaa wima, kidevu kimeshuka kidogo, redio imezimwa, kwa sababu kinachowaua wengi wa wagonjwa hawa ni chakula kinachopita njia ya pumzi na kuleta nimonia. Hajati alilazimika kufundishwa kwamba maji matupu ni hatari kuliko uji mzito. Hakuamini mpaka alipomwona anavyopaliwa.

Yule msimamizi wa ghala tulimpelekea barua ya daktari. Hakumrudisha kazini, na kwa kweli asingeweza, kazi ya usiku na rungu si yake tena. Lakini alikuja mwenyewe Ijumaa moja, akakaa mkekani, akaomba radhi. Afande alimwambia apumue karibu na uso wake. Wakacheka wote wawili.

Watoto ndio mjadala ambao haujaisha. Binamu yangu mkubwa alitaka wanawe wapimwe, wa miaka tisa na sita. Daktari alikataa katakata: ugonjwa huanza ukubwani, hakuna kinga ya kumpa mtoto, na ukimpima umemnyang'anya haki ya kuamua mwenyewe akiwa mtu mzima. Binamu alikasirika, akaondoka kwenye simu. Yeye mwenyewe hajapimwa. Mdogo wake wa kike anaolewa mwakani na amemwambia mchumba kila kitu, jambo lililomgharimu mchumba wa kwanza. Huyu wa pili aliomba kwanza aone ile kalenda, akaisoma yote, akauliza kama mahari iko palepale.

Kwenye kalenda hiyo nami nina duara langu. Lipo chini ya la mama yangu, dada wa Afande wa kuzaliwa pamoja, na lake halina wino. Ana miaka 54, na kila mwaka unaopita bila dalili unapunguza hofu bila kuimaliza. Hajasema anataka kupimwa, nami sijamuuliza, ingawa kwa kazi yangu nawauliza watu mambo mazito zaidi kila siku.

Siku hizi, Ijumaa baada ya swala, Hajati hutujazia sote glasi nusu, ili Afande asiwe peke yake. Mama yangu ndiye hudai yake ijae. Huinyanyua kwa mkono mmoja, taratibu, hadi mdomoni, huku akinitazama.